Land Rover za Kirua Vunjo na Historia ya Ufundi Usioandikwa

Historia ya Kilimanjaro imeandikwa kwa wino mwingi. Zipo tasnifu kuhusu Wamangi na Wajerumani, kuhusu misheni, kahawa, ushirika na ardhi ya vihamba. Lakini ukiuliza gunia la kahawa lilishukaje kutoka Kirua Vunjo wakati wa masika, au mama mjamzito alifikishwaje hospitali ya Kilema usiku wa mvua, maandiko yetu hayana la kusema. Wazee wa huko wanalo jibu, nalo ni fupi: Land Rover. Ukiwasikiliza zaidi utagundua kwamba hawazungumzii gari kama lilivyotoka kiwandani. Wanazungumzia gari lililofumuliwa na kuundwa upya nyumbani, chini ya mparachichi, ndani ya kihamba, na fundi ambaye jina lake halimo katika kitabu chochote.

Makala haya yanahusu gari hilo na fundi huyo. Dai langu ni kwamba mabadiliko yaliyofanywa kwenye magari hayo ni kumbukumbu ya kihistoria yenye uzito sawa na jalada lolote la nyaraka, na kwamba majina tunayoyapa mabadiliko hayo, kama ni uhandisi au ni kuungaunga tu, ni suala la kisiasa.

Kwanza ardhi yenyewe. Kirua Vunjo inaanzia tambarare ya Uchira, kando ya barabara kuu ya Moshi hadi Himo, na kupanda hadi karibu na msitu. Kama ilivyo sehemu kubwa ya Uchagga, watu wanaishi juu ya migongo ya ardhi iliyotenganishwa na makorongo yenye mito. Udongo wake ni wa volkano, mwekundu, ambao ukikauka huwa vumbi na ukilowa huteleza mithili ya mlenda. Kaya nyingi zina mashamba mawili: kihamba cha migomba na kahawa huko juu, na shamba la mahindi na maharage huko chini. Kwa hiyo safari ya kupanda si ya abiria peke yake. Ni safari ya magunia ya mahindi, ya mbao na saruji, na ya mabua ya kulishia ng'ombe ambao hufugwa zizini mwaka mzima. Gari linalofaa Kirua ni lile linaloweza kupanda likiwa limeelemewa, kwenye tope, na kushuka tena bila kumshinda dereva.

Barabara za kupita huko hazikuwahi kulingana na mzigo huo. Reli ya kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911. Chama cha wakulima wa kahawa wenyeji, KNPA, kilianzishwa mwaka 1925, na mwaka 1933 kikarithiwa na KNCU. Kahawa ya mlimani ikawa miongoni mwa mazao yaliyoiingizia nchi fedha za kigeni, kabla ya uhuru na baada yake. Njia za kutoka vijijini kwenda chini, hata hivyo, ziliachiwa kwa kiasi kikubwa nguvu za wananchi: kwanza kwa amri za Wamangi, baadaye kwa msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya jembe na sururu. Kwa miongo mingi fedha ya kahawa ilishuka mlima, lami haikupanda.

Turudi sasa kwenye gari, maana katika asili yake pana jambo ambalo wengi hawalijui. Maurice Wilks, mhandisi mkuu wa kampuni ya Rover ya Uingereza, alikuwa na shamba katika kisiwa cha Anglesey, huko Wales. Kazi za shamba alizifanya kwa kutumia Jeep, gari la jeshi la Marekani lililobaki baada ya Vita Kuu ya Pili. Kutokana na gari hilo akapata wazo la kutengeneza lake. Gari la kwanza la majaribio, la mwaka 1947, lilijengwa juu ya chasisi ya Jeep, likafungwa injini na giaboksi za Rover. Bodi ilitengenezwa kwa aluminiamu kwa sababu chuma kilikuwa kikitolewa kwa mgao, na rangi ya kijani iliyotumika mwanzoni ilikuwa ya masalia ya vita. Tarehe 30 Aprili 1948 Land Rover ikaonyeshwa hadharani mjini Amsterdam.

Nakuomba usome tena maelezo hayo taratibu. Chasisi ya gari moja, injini ya gari jingine, bodi ya malighafi iliyopatikana badala ya iliyotakiwa, wazo lililozaliwa shambani kwa sababu ya shida ya shambani. Hicho ndicho kinachofanyika Kirua. Tofauti ni kwamba Wilks alikuwa na kiwanda nyuma yake.

Na hakuwa peke yake katika zama zile. Huko Manila, mafundi walichukua Jeep zilizoachwa na jeshi la Marekani, wakazirefusha na kuziwekea viti virefu vya kutazamana, ikazaliwa jeepney, usafiri wa umma wa Ufilipino hadi leo. Hapa kwetu Tanganyika, mwaka huohuo wa 1947, Serikali ya Uingereza ilianzisha mradi wa karanga kule Kongwa. Matrekta yalipokosekana, vifaru vya Sherman viligeuzwa na kampuni ya Vickers kuwa matrekta ya kung'olea visiki, nayo yakaitwa Shervick. Mradi uliachwa mwaka 1951 baada ya kuteketeza takriban pauni milioni 36. Umeshindwa, lakini umeandikwa: mashine zake zina majina, picha na michoro. Ufundi wa watu wa kawaida uliofaulu kwa miaka hamsini hauna hata mchoro mmoja niliowahi kuuona katika maktaba ya chuo.

Land Rover zilipanda mlima kwanza zikiwa mali ya wakubwa: maofisa wa Serikali ya kikoloni, walowezi, wamisionari, madaktari. Miaka ya 1960 na 1961, wakati filamu ya Hatari! ya Howard Hawks ilipopigwa katika maeneo ya Arusha, watazamaji wa dunia nzima walionyeshwa magari ya kukamatia wanyama yaliyofungwa kiti cha mkamataji mbele, kando ya injini. Hayo nayo yalikuwa magari yaliyobadilishwa hapahapa, kwa kazi ya hapahapa. Baada ya uhuru, magari yalianza kushuka daraja kwa njia ya mnada. Gari la Serikali likichakaa lilitangazwa na kuuzwa. Gari la misheni lilibadilishwa kwa jipya. Mnunuzi wa kijijini alipata Land Rover ya chasisi ndefu, ile ya inchi 109, ikiwa imekwisha maisha yake ya kwanza. Ya pili yalianza kihambani.

Chuo kikuu cha ufundi huu kilikuwa dhiki. Vyama vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976. Mwaka 1978 ikaja vita ya Uganda, na malori ya raia yakachukuliwa kwenda kusafirisha askari na vifaa. Kisha fedha za kigeni zikakauka. Waliokuwa watu wazima kati ya 1979 na 1985 hawahitaji kusimuliwa: petroli ya kupanga foleni, sabuni ya kuvizia, na spea ambazo hazikuwepo kwa bei yoyote. Dar es Salaam, watu waliligeuza gari dogo la mizigo kuwa la abiria kwa kufunga mabenchi mawili ya kutazamana, wakaliita chai maharage, na mwaka 1983 Serikali ikaukubali usafiri wa watu binafsi mjini, ambao tuliupa jina la daladala.

Mlimani hakukuwa na mwandishi wa gazeti wa kuyaona ya kule. Lakini ilikuwa katika miaka hiyo fundi alipoacha kuwa mbadilisha vipuri na kuwa mbunifu wa vipuri. Bushi za springi zilichongwa kutoka kwenye mpira wa tairi kuukuu. Jani la springi lililovunjika lilibadilishwa kwa jani la lori, likakatwa na kukunjwa upya kwa moto. Bodi ya aluminiamu iliyochanika ilibandikwa kiraka na kupigwa ribiti kwa mkono, kazi ambayo haikuhitaji umeme. Kwa jamii yenye wahunzi wa jadi kama wale wa Mamba, ambao mababu zao walifua mikuki na majembe, kazi ya kukunja chuma kwa moto haikuwa ngeni. Sidai kwamba kila fundi wa magari ni mjukuu wa mhunzi. Nasema tu kwamba heshima ya anayetawala chuma ilikuwepo kabla ya gari la kwanza kufika.

Mwanahistoria Joshua Grace, katika kitabu chake African Motors cha mwaka 2021, ameonyesha kwa kina jinsi mafundi wa Tanzania walivyolifanya gari kuwa teknolojia ya Kiafrika. Ningependa tuone kazi kama hiyo ikiandikwa kwa Kiswahili, tena kata kwa kata.

Mwaka 1984 Serikali iliruhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe, na taratibu magari na injini zilizotumika Japani zikaanza kumiminika. Hapo ndipo lilipofanyika badiliko kubwa kuliko yote, nalo linastahili kuelezwa kwa utulivu. Injini ya petroli ya Land Rover ya zamani, ya lita 2.25, ni imara lakini inakunywa mafuta na haina nguvu ya kutosha kwa mlima wenye mzigo. Fundi akaitoa, akaweka injini ya dizeli ya Nissan, Toyota au Isuzu.

Msomaji asiye fundi anaweza kudhani ni kazi ya kufungua boliti na kufunga nyingine. Sivyo. Injini ya Kijapani na giaboksi ya Kiingereza hazijuani. Matundu hayalingani na mhimili unaoingia kwenye klachi una urefu tofauti. Inabidi kukata bamba nene la chuma la kuziunganisha, na kitovu cha bamba hilo lazima kikae sawasawa na kitovu cha krenki. Kikikosea kwa unene wa kucha, beringi italia na klachi itakwisha kabla ya mwezi. Fundi wa kijijini huchukua vipimo, akatengeneza kielelezo kwa kadibodi au bati, akateremka mjini Moshi kuchongesha bamba kwenye mashine, kisha akarudi kihambani kulipatanisha. Baada ya hapo anachomelea vishikizo vipya vya injini kwenye chasisi, anahamisha rejeta na kupinda bomba la moshi.

Kisha hutokea jambo ambalo kwangu ndilo somo zuri kuliko yote la uhandisi. Tatizo linahama. Injini mpya ina nguvu kubwa kuliko ile ya awali, na nguvu hiyo, ikipita kwenye gia nzito kabisa huku gurudumu limekwama topeni, huenda kuvunja hafu shafti ya nyuma, ambayo katika Land Rover za zamani ni sehemu dhaifu. Kwa hiyo aliyebadilisha injini lazima abadili pia namna ya kuendesha, au atafute ekseli iliyo imara zaidi, au atembee na hafu shafti ya akiba chini ya kiti. Gari huwa mazungumzo yasiyokwisha kati ya sehemu zake, na fundi ndiye mkalimani.

Hali ni hiyohiyo kwenye springi. Ukiongeza majani na kuliinua gari, tumbo lake halitakwaruza jiwe la katikati ya barabara. Lakini umeinua pia uzito wake, na kwenye njia inayoinama kuelekea korongoni, gari refu lililopakia watu na magunia juu ya keria hupinduka upesi kuliko fupi. Propela shafti nayo inakaa kwa pembe kali zaidi, na krosi zake zinaliwa haraka. Kwenye masika, minyororo inayofungwa kwenye matairi ya nyuma hulipandisha gari pale ambapo hata matairi ya kashata yameshindwa, ila hulima barabara, na maji ya mvua inayofuata yanafuata mtaro huo huo. Wanakijiji waliotoka msaragambo Jumamosi huona kazi yao ikichimbuliwa Jumatatu. Nimesikia malalamiko hayo, nayo ni ya haki. Barabara mbovu huzaa gari kali, na gari kali huiharibu barabara zaidi.

Hapa pana hatari, na mwandishi anayependa ufundi huu asiifiche. Breki zilizobuniwa kwa ajili ya gari la uzito fulani hazikubuniwa kwa ajili ya injini nzito zaidi, springi za lori na watu kumi na watano. Kadi ya usajili huonyesha namba ya injini na namba ya chasisi. Gari lililobadilishwa bila taarifa ni gari ambalo kisheria halipo, hivyo likiua, familia ya marehemu hubaki ikihangaika na bima. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 haikutungwa ili kuwakomoa wanyonge. Lakini utekelezaji wetu wa sheria umekuwa wa aina moja: trafiki hukutana na gari likiwa tayari barabarani, faini inalipwa, gari linaendelea kama lilivyokuwa. Fundi mwenyewe, ambaye ndiye angeweza kuambiwa kwamba mabomba ya breki yanapaswa kurefushwa springi zikiinuliwa, hakutani na mtu yeyote wa Serikali. VETA ina utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana kazini, nje ya darasa. Utaratibu huo ni mzuri. Ungefaa kupanda mlima, ukawakuta mafundi hawa kwenye gereji bubu zao, ukawapima na kuwapa cheti, nao wakaweza kusaini kazi yao kwa majina yao.

Kwa nini nasisitiza majina? Kwa sababu saa chache kutoka Kirua, Arusha, kazi ileile ina jina na ina bei. Huko Land Cruiser hukatwa chasisi na kurefushwa, paa hutobolewa na kuwekewa kifuniko cha kuinuka, springi huimarishwa, na gari huenda Serengeti likiwa na watalii sita au saba. Hiyo inaitwa sekta. Nayo Serikali ilikuwa na ndoto yake: Shirika la Nyumbu, Kibaha, lililoanzishwa rasmi mwaka 1985 ili tutengeneze gari letu, na kiwanda cha vipuri vya mashine wilayani Hai, kilichojengwa kwa msaada wa Bulgaria, ambacho kwa miaka mingi kilikaa kimya. Sikejeli ndoto hizo. Mataifa yaliyoendelea yalianza hivyo. Nauliza tu kwa nini wapangaji wa viwanda hivyo hawakufikiri kwamba kilometa chache kutoka Hai, kwenye vihamba, kulikuwa na watu ambao tayari walikuwa wakioanisha injini za Kijapani na giaboksi za Kiingereza. Wangekuwa waajiriwa wa kwanza.

Mwaka 1951 Toyota iliipandisha gari yake ya BJ, mzazi wa Land Cruiser, hadi kituo cha sita cha mlima Fuji, na kampuni bado inajivunia tukio hilo. Kirua magari yamepanda mlima kila siku ya soko.

Kuna kinaya kingine, nacho ni cha kodi yetu. Magari makubwa ya anasa yanayotumiwa na viongozi, ambayo wananchi wameyabatiza mashangingi, hununuliwa kwa hoja kwamba nchi ina barabara mbaya. Mengi yao huishia kwenye lami ya Dar es Salaam na Dodoma. Kila Desemba, Wachagga wanaporudi nyumbani kwa ajili ya Krismasi, baadhi ya magari ya namna hiyo hupanda mlimani, na mvua za vuli zikichelewa kuisha huonekana yamelala kwenye mtaro, yakivutwa kwa mnyororo na Land Rover yenye umri mkubwa kuliko mwenye shangingi. Vijana hucheka, mwenye gari naye hucheka, pesa ya kuvuta inalipwa, kila mtu anaenda kula mbuzi.

Oktoba 2024 Arusha ilifanya tamasha kubwa la Land Rover, mamia ya magari yakipita kwa msururu kwa lengo la kuvunja rekodi ya dunia. Nililifurahia. Ila katika hotuba nilizozisikia, sifa zilikwenda kwa utalii na kwa gari. Ukifungua boneti ya nyingi kati ya Land Rover zile utakuta injini ya Kijapani, na kati ya injini na giaboksi utakuta bamba la chuma lisilo na chapa ya kiwanda chochote.

Muda si mwingi. Tangu TARURA ianzishwe mwaka 2017, barabara kadhaa za vijijini zinashughulikiwa, na lami imeanza kuonekana kwenye baadhi ya njia za mlimani. Bodaboda hupita pale ambapo zamani ilipita Land Rover pekee. Hayo ni maendeleo, na hakuna mtu wa Kirua anayetamani tope lirudi ili gari la zamani lipate kazi. Lakini Land Rover zinazokufa sasa hazihifadhiwi. Wanunuzi wa chuma chakavu huzipima kwa kilo. Aluminiamu ya bodi huyeyushwa, na majani ya springi huchukuliwa na wahunzi kutengenezea mapanga. Mafundi wa kizazi cha 1979 sasa ni wazee wa miaka sabini na kuendelea. Idara za historia na za uhandisi za vyuo vyetu zina wanafunzi wanaotafuta mada za utafiti kila mwaka. Mwanafunzi mmoja mwenye kinasa sauti, rula na mwaliko wa kunywa mbege angeweza kuanzia Uchira na kupanda taratibu hadi Kisomachi, akiuliza kila penye gari lililoegeshwa migombani: injini hii aliifunga nani, mwaka gani, na bamba lake alilichongesha wapi.